Seva ya zahanati inapotea mtandaoni dakika chache kisha inarudi yenyewe: nianzie wapi?

#1 Nguzo_ya_Tatu (mleta mada)
Wakuu, salaam. Ninasimamia kompyuta za zahanati moja mjini Morogoro. Tuna seva moja ndogo, ambayo kwa kweli ni kompyuta ya mezani iliyopandishwa cheo, inayoendesha Ubuntu na kutunza mafaili ya wagonjwa, stoo ya dawa na malipo. Kwa muda wa wiki tatu sasa seva hiyo hupotea mtandaoni kwa dakika moja hadi nne, mara tatu au nne kwa siku, na hurudi yenyewe kabla sijafika kwenye chumba cha kumbukumbu ilikowekwa. Nikifika ninakuta inafanya kazi kama kawaida, diski haijajaa, na haijajizima, kwani inaonyesha kuwa imewaka siku 23 mfululizo.

Nimekwisha kubadilisha kebo na kuihamishia kwenye tundu jingine la swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za kompyuta zetu), bila mafanikio. Swichi yenyewe nimeiondoa kwenye orodha ya washukiwa, kwa kuwa kompyuta nyingine huendelea kupata intaneti vizuri wakati seva haipatikani. Anwani ya seva ni 192.168.1.10, nami niliiandika kwa mkono. Meneja ameanza kusema tununue seva mpya, na mimi sitaki kumtoa mtu fedha kwa kubahatisha. Mngeanzia wapi?

#2 Upepo_wa_Kusi
Pole, mkuu. Kabla ya kufungua kompyuta, jiulize kuhusu intaneti yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, ofisini kwetu tulihangaika nusu siku tukidhani ruta imekufa, kumbe tatizo lilikuwa chini ya bahari.

#3 Pakiti_Iliyopotea
Ndugu Upepo, tukio hilo ni la kweli, lakini hapa halihusiki. Kompyuta ya mapokezi na seva ya mleta mada ziko chini ya paa moja, na pakiti, yaani kifurushi cha data, inayotoka moja kwenda nyingine haivuki hata geti la zahanati, sembuse bahari. Hata intaneti ya nchi nzima ikikatika, mapokezi wanapaswa kuendelea kufungua mafaili ya wagonjwa.

Mleta mada, kwa sasa unachokijua ni kwamba "inapotea", na neno hilo linabeba magonjwa mengi. Weka ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kinajibu) ya kila sekunde kutoka pande tatu kwa wakati mmoja: kutoka mapokezi kwenda kwenye seva, kutoka mapokezi kwenda kwenye ruta, na kutoka kwenye seva kwenda kwenye ruta. Matokeo yaandikwe kwenye faili pamoja na saa. Kwenye Ubuntu utatumia ping -D, na kwenye Windows utaandika kitanzi kidogo kinachochapisha saa kila mara. Saa za mashine zote mbili zilingane kwanza, la sivyo utakuwa unalinganisha jana na leo. Seva inapopotea, tazama pia taa ya tundu la mtandao kama imezima, na uandike majibu ya amri ip neigh kwenye seva na arp -a kwenye mapokezi, zinazoonyesha ni kifaa kipi kinachoshika kila anwani. Fanya hivyo kwa siku tatu kabla hujagusa kitu kingine chochote.

#4 Bi_Kebo
Ninaunga mkono #3, ila siku tatu ni nyingi kwa jambo linaloweza kuonekana kwa dakika moja. Endesha ethtool (amri ya kukagua kadi) kwenye kadi ya mtandao ya seva, utuambie mwendo unaoonyeshwa. Tuambie pia hiyo kebo mpya umeitoa wapi. Mimi nipo Mombasa, kazi yangu ni kuvuta kebo majengoni, na nimeona mara nyingi mtu anabadilisha kebo mbovu kwa kebo nyingine iliyokatwa kwenye bunda lilelile bovu. Siku hizi maduka yamejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba kwa juu, ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha na za shaba tupu hadi ukwangue waya kwa kisu na kuona weupe ndani. Waya wa alumini hukatika ukikunjwa mara chache, na mahali unapobanwa na kichwa cha RJ45 hulegea baada ya muda, hivyo mguso unakuja na kuondoka.

#5 Mzee_Kilowati
Vijana, mnakimbilia kebo na ping, na hakuna aliyeuliza habari ya umeme. Swichi inapata umeme kutoka wapi? Iko kwenye UPS, ile betri ya akiba, au imechomekwa kwenye soketi moja na kitu kinachovuta umeme mwingi? Kwenye zahanati lazima kuna friji ya chanjo. Kompresa ya friji inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko inavyovuta ikiwa imekwisha kushika mwendo, na kwenye jengo lenye nyaya nyembamba, taa hufifia kwa kupepesa jicho. Kadapta ka swichi ya bei rahisi hakawezi kuvumilia hilo. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 240, lakini nimepima majengo yenye 190 wakati wa jioni.

#6 Kijana_wa_Keneli
Mzee wangu, kwa heshima, kiwango cha Tanzania ni volti 230; hiyo 240 ni ya majirani zetu Kenya. Hoja yako ya kompresa naikubali.

Mleta mada, nakisia kuwa kompyuta hiyo ina kadi ya Realtek iliyojengwa ndani ya ubao mama na inatumia draiva (programu inayoiendesha kadi) ya r8169. Ikiwa ni hivyo, soma dmesg, yaani kumbukumbu za keneli (kiini cha mfumo wa Linux), utafute maneno NETDEV WATCHDOG. Maana yake ni kwamba keneli ilimpa kadi pakiti za kutuma, ikangoja, kadi haikutuma, keneli ikachoka na kuianzisha kadi upya. Chanzo kimojawapo kinachojulikana ni utaratibu wa kuokoa umeme kwenye njia ya PCI Express, uitwao ASPM, ambapo kadi inalala na kushindwa kuamka vizuri. Ukiongeza pcie_aspm=off kwenye amri za kuwasha keneli, mara nyingi kadi inatulia. Kuna pia utaratibu wa Ethaneti wa kupunguza umeme wakati hakuna pakiti, wa kiwango cha 802.3az cha mwaka 2010, ambao baadhi ya swichi na kadi hazielewani juu yake. Huo nao unazimwa kwa ethtool.

#7 Nguzo_ya_Tatu
Shukrani kwa wote. Majibu niliyo nayo mpaka sasa ni haya. Kadi ni Realtek na draiva ni r8169, kama alivyokisia Kijana. Mwendo unaoonyeshwa na ethtool ni megabiti 100 kwa sekunde, dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), ingawa kadi na swichi zote zina uwezo wa 1000. Kebo mpya, Bi_Kebo, naona aibu kusema, nimeikata kwenye bunda lilelile. Friji ya chanjo ipo, iko chumba cha pili, na soketi yake imeunganishwa na ya swichi kwa waya mmoja wa nyongeza. UPS tunayo moja, inalinda seva na ruta tu.

Hiyo 100 nilifikiri ni kawaida. Je, niilazimishe kadi iende 1000?

#8 Bi_Kebo
Usilazimishe kabisa! Kwenye kebo ya shaba, gigabiti moja hutegemea pande mbili kuzungumza na kukubaliana, nawe ukizima mazungumzo hayo upande mmoja utazaa ugonjwa mwingine juu ya huu.

Hiyo 100 yenyewe ni ushahidi. Mwendo wa megabiti 100 hutumia waya nne tu kati ya nane, yaani zile zilizo kwenye pini ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inahitaji zote nane. Sasa, makubaliano hufanyika kupitia jozi zile za kwanza, kwa hiyo pande mbili huahidiana gigabiti, kisha zinapojaribu kuanza zinagundua kuwa jozi ya buluu au ya kahawia haipo. Kadi nyingi zikishindwa mara kadhaa huteremka zenyewe hadi 100 bila kumwambia mtu. Seva yako inaishi hivyo. Kila mguso mbovu unapojirudia, muungano unavunjika, mazungumzo yanaanza upya, na wewe unaona seva imepotea.

Huku pwani tuna la ziada: hewa ya chumvi huota kutu kwenye pini, na tundu lililokuwa zima mwezi wa kwanza linakuwa na ukungu wa kijani mwezi wa nane. Morogoro hamna kisingizio hicho.

#9 Sauti_ya_Mlima
Huenda ni itifaki ya kuzuia mizunguko, yaani STP. Muungano ukivunjika kidogo na kurudi, tundu la swichi husikiliza kwa sekunde 15 na kujifunza kwa sekunde 15 nyingine kabla ya kupitisha pakiti. Kukatika kwa sekunde moja kunageuka kuwa nusu dakika.

#10 Pakiti_Iliyopotea
Hesabu yako ni sahihi kwa itifaki ya zamani, lakini swichi ya mleta mada, ikiwa ni ile ya kawaida isiyo na ukurasa wa mipangilio, haina STP. Kwa upande mwingine, hilo lina hatari yake: mtu akichomeka ncha mbili za kebo moja kwenye swichi hiyohiyo, hakuna cha kuzuia pakiti kuzunguka bila mwisho. Niliwahi kukuta hivyo kwenye ofisi moja. Mfanya usafi aliona kebo inaning'inia, akaona ni uchafu, akaichomeka kwenye tundu tupu ili pawe nadhifu.

#11 Mdau_Kimya
Nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu, na naomba kuuliza swali ambalo labda ni la kijinga. Kwenye #1 umesema swichi si mshukiwa kwa sababu kompyuta nyingine zinaendelea kupata intaneti. Je, kompyuta hizo zinapata intaneti kwa kupitia swichi hiyo, au kwa Wi-Fi ya ruta?

#12 Nguzo_ya_Tatu
Mdau, nimekwenda kuhesabu nyaya kabla ya kukujibu. Kwenye swichi kuna seva, mapokezi, maabara, famasia, printa na waya unaokwenda kwenye ruta. Kompyuta za madaktari, ambazo ndizo nilizokuwa nikizitazama kuona kama "intaneti ipo", zote ziko kwenye Wi-Fi. Kwa hiyo swichi niliisamehe kwa ushahidi wa watu wasioijua.

#13 Mzee_Kilowati
Swali la kijinga limefanya kazi kuliko wataalamu sita. Mdau, usinyamaze tena.

#14 Upepo_wa_Kusi
Nami nirudi kwa heshima baada ya kurudishwa kutoka baharini. Kwenye kazi yangu ya zamani tulikuwa na kompyuta iliyokuwa ikipotea usiku tu. Tulipofungua kasha tulikuta mjusi amekauka kwenye ubao, mkia ukiwa umegusa pini za kadi. Tangu siku hiyo huwa nafungua kasha kwanza, kisha nasoma logi.

#15 Sauti_ya_Mlima
Kuna anayekumbuka Windows 95? Ilikuwa inaganda baada ya kuwaka siku 49.7, kwa sababu kihesabu cha milisekunde cha biti 32 kilikuwa kinajaa na kurudi sifuri. Seva ya mleta mada ina siku 23, haijafika hata nusu.

#16 Kijana_wa_Keneli
Na wale waliokumbana nalo ni wachache, kwani ilikuwa nadra Windows 95 kuwaka siku 49 bila kuganda kwa sababu nyingine. Turudi Morogoro.

#17 Nguzo_ya_Tatu
Wakuu, siku tatu zimetimia na nimefuata maelekezo ya #3 bila kugusa kitu. Nimenasa matukio 11. Nitayaeleza kwa makundi, maana nilipoyapanga niliona hayafanani.

Manne yalikuwa mafupi sana, ya sekunde 9 hadi 14, na hatukuwa tunayatambua kabisa. Katika hayo, mapokezi walipoteza seva na ruta kwa pamoja, na seva nayo ikapoteza ruta. Mawili kati yake yalitokea nikiwa nimesimama karibu, nikasikia friji ikianza kuunguruma wakati huohuo. Mawili mengine sikuwepo.

Saba yaliyobaki ni ya seva peke yake: mapokezi waliendelea kuiona ruta bila kukosa hata pakiti moja. Matatu kati ya hayo saba, ya dakika moja hadi mbili, yaliacha ujumbe wa NETDEV WATCHDOG kwenye logi ya seva, kama alivyotabiri Kijana. Manne ya mwisho ndiyo marefu, dakika tatu hadi dakika nne na sekunde 20, na kwenye logi ya seva hakuna neno hata moja: taa iliendelea kuwaka, na kadi iliona kila kitu ni salama. Katika mawili ya hayo manne nilikuwa mapokezi, nikaendesha arp -a, na anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) iliyoonekana mbele ya 192.168.1.10 haikuwa ya seva yangu. Inaanza na da. Nimeitafuta kwenye orodha ya watengenezaji, haipo.

#18 Pakiti_Iliyopotea
Hapo pananukia. Kuna kifaa kingine kinachojiita 192.168.1.10. Mapokezi wanapouliza "nani mwenye anwani hii?", wanajibu wawili, na anayesikika mwisho ndiye anayepokea mafaili ya wagonjwa. Ndiyo maana seva haikuandika chochote: kwake yeye hakuna kilichokatika, wageni tu ndio waliopotea njia.

Hukuipata kwenye orodha kwa sababu haimo kwenye orodha ya mtengenezaji yeyote. Tazama herufi ya pili ya da. Ikiwa ya pili ni 2, 6, a au e, anwani hiyo imetungwa na kifaa chenyewe, haikutoka kiwandani. Simu za Android kuanzia toleo la 10 la mwaka 2019, na za iPhone kuanzia iOS 14 ya mwaka 2020, hutunga anwani za namna hiyo kwa kila mtandao wa Wi-Fi ili zisifuatiliwe. Kwa hiyo unamtafuta mtu mwenye simu. Fungua ruta, uone masafa ya anwani inazozigawa yenyewe.

#19 Nguzo_ya_Tatu
Ruta inagawa kuanzia 192.168.1.2 hadi 192.168.1.254. Na .10 ipo kwenye orodha yake, imekodishwa, yaani imetolewa kwa muda, kwa kifaa kisicho na jina. Yaani niliikalisha seva kwenye kiti ambacho ruta inakigawa kwa kila anayeingia.

#20 Bi_Kebo
Kosa hilo tumelifanya wote, baadhi yetu hatulisemi.

#21 Kijana_wa_Keneli
Ngojeni kidogo, kabla ya kuipa simu kesi nzima. Ruta nyingi, kabla ya kugawa anwani, huipigia ping kwanza kuona kama ina mwenyewe, na seva ya mleta mada hujibu ping, la sivyo logi yake yote isingekuwepo. Zaidi ya hapo, kiwango cha RFC 5227 cha mwaka 2008 kinamtaka kila anayepokea anwani kuuliza mtandaoni kabla ya kuitumia. Seva ingekuwa hai, ingesema "ni yangu", na simu ingetafuta nyingine. Kwa hiyo, siku simu ilipopewa .10, seva ilikuwa kimya. Na kwa nini ilikuwa kimya? Kwa sababu kadi ilikuwa imeganda, kama logi ilivyoonyesha mara tatu. Kadi ndiyo mama, simu ni mtoto. Ukirekebisha masafa ya ruta peke yake, utamzuia mtoto, na mama atabaki.

#22 Mzee_Kilowati
Nakubali kuwa kulikuwa na kimya, ila umechagua kimya kinachokupendeza. Swichi inapojizima na kuwaka kwa ajili ya friji, seva haisikiki pia, na simu iliyo kwenye Wi-Fi wala haijui kuwa swichi imezima, kwa sababu ruta iko kwenye UPS. Sekunde kumi zinatosha kabisa ruta kuuliza, kukosa jibu na kugawa anwani. Hata huko kuganda kwa kadi, nani ajuaye kama hakuanzi na swichi inayowaka na kuzima upande wa pili wa kebo? Umeme ndio bibi wa ukoo wote huu.

#23 Kijana_wa_Keneli
Mzee wangu, matukio ya swichi ni manne kwa siku tatu, yaani sekunde zisizozidi 56 kwa jumla. Ili simu iombe anwani ndani ya sekunde hizo ni bahati ya mtende. Kadi ikiganda, inaganda kwa dakika nzima.

#24 Mzee_Kilowati
Bahati ya mtende ilihitajika mara moja tu. Simu ikishapewa anwani inaendelea kuihuisha kila nusu ya muda wa kukodi inapofika, bila kuuliza tena kama kuna mtu.

#25 Pakiti_Iliyopotea
Mzee ana hoja kwenye #24. Ila na mimi nina shaka na msingi wa #21. Si kila ruta huuliza kabla ya kugawa, na sijaona simu zote zikifuata kiwango hicho kwa uaminifu. Inawezekana kabisa kwamba seva ilikuwa hai, ikijibu vizuri, na simu ikapewa anwani yake vilevile. Kwa maelezo hayo hatuhitaji mama wala bibi. Ni magonjwa matatu yaliyokutana ndani ya mwili mmoja. Na kama mtu anajiuliza kwa nini tukio linaisha baada ya dakika tatu au nne wakati simu bado ipo, simu ikizimwa kioo hulala, haijibu tena maswali ya ARP (yale ya "nani mwenye anwani hii?"), na seva inapata nafasi ya kusikika.

#26 Mdau_Kimya
Naomba kuuliza tena. Kama simu ndiyo inayosababisha matukio marefu, je, yalitokea siku zote tatu, au siku fulani tu? Wahudumu hubadilishana zamu.

#27 Nguzo_ya_Tatu
Mdau, unanitisha. Yote manne yalitokea Jumanne na Jumatano. Siku ya tatu hakuna. Sitasema ni zamu ya nani, maana hapa kazini ni wachache na nitakosana na watu, lakini inalingana.

#28 Nguzo_ya_Tatu
Wakuu, taarifa ya Jumamosi. Meneja alinipa saa mbili zahanati ikiwa imefungwa. Nimevuta kebo mpya ya shaba tupu, niliyoikwangua kwa kisu dukani mbele ya muuzaji hadi akanuna. Mwendo umepanda hadi 1000. Nimehamisha adapta ya swichi kwenye UPS. Nimepunguza masafa ya ruta yaanzie 192.168.1.100, na nimeweka pcie_aspm=off. Logi za ping zinaendelea.

#29 Pakiti_Iliyopotea
Ndugu yangu! Umetibu malaria, homa ya matumbo na minyoo kwa sindano moja. Mgonjwa akipona hutajua alikuwa anaumwa nini, na asipopona hutajua dawa ipi imeshindwa.

#30 Nguzo_ya_Tatu
Najua, mkuu. Lakini wewe hukai na foleni ya kina mama wenye watoto wachanga wanaosubiri kadi zao zionekane kwenye skrini. Nilipewa saa mbili, nikafanya ya saa mbili.

#31 Bi_Kebo
Amefanya sawa. Mambo manne yote yalikuwa mabovu kwa haki yake, na hakuna hata moja ambalo angepaswa kuliacha kwa ajili ya utafiti wetu. Ila picha ya kile kichwa cha zamani tunaihitaji.

#32 Nguzo_ya_Tatu
Nimekikata na kukifungua. Waya wa kahawia ulikuwa umeshikwa na plastiki tu, ndani umekatika. Ukiukwangua ni mweupe.

#33 Bi_Kebo
Nilisema nini kwenye #4?

#34 Kijana_wa_Keneli
Waya wa kahawia unaeleza kwa nini mwendo ulikuwa 100. Hauelezi NETDEV WATCHDOG. Muungano unaoishi kwa jozi mbili nzima unaweza kudumu miaka bila kukatika, kwa sababu hizo jozi mbili ndizo pekee zinazotumika.

#35 Sauti_ya_Mlima
Isipokuwa kama na hizo mbili zilikuwa za alumini kutoka bunda lilelile, kitu ambacho zilikuwa.

#36 Nguzo_ya_Tatu
Wakuu, siku tano bila tukio hata moja, nikawa ninaandika bandiko la shukrani. Leo Alhamisi saa 4:42 asubuhi seva imepotea kwa sekunde 41. Nimekwisha kupitia logi zote. Mapokezi waliendelea kuiona ruta, kwa hiyo swichi haikuzima. ARP ya mapokezi ilionyesha MAC halisi ya seva, hivyo simu haihusiki. Friji ilikuwa imechomolewa tangu asubuhi kwa ajili ya kusafishwa, chanjo zikiwa kwenye visanduku vya barafu. NETDEV WATCHDOG haipo. Kilichopo ni mstari mmoja unaosema muungano umevunjika, na mwingine sekunde 41 baadaye unaosema umerudi, kwa mwendo wa 100. Kebo ni ile mpya ya shaba.

#37 Bi_Kebo
Imeteremka hadi 100 kwa kebo nzima? Basi jozi moja inakosa mguso kwenye tundu, ama la seva ama la swichi. Kichwa cha zamani kilichobanwa vibaya huweza kupinda pini za tundu. Chukua tochi, tazama pini nane ndani ya seva, kama kuna iliyolala chini kuliko wenzake.

#38 Kijana_wa_Keneli
Au kadi yenyewe inakufa polepole. Nunua kadi ya pili ya kuchomeka kwenye ubao, yenye chipu tofauti. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na seva mpya anayoitaka meneja.

#39 Upepo_wa_Kusi
Hakuna aliyefungua kasha mpaka leo. Nasubiri habari za mjusi.

#40 Nguzo_ya_Tatu
Tochi nimepiga. Pini ya saba kwenye tundu la seva inaonekana imelala kidogo, ingawa mwenzangu aliyeshika tochi anasema zote ziko sawa. Kadi ya pili nimeagiza. Nitaiweka Jumamosi, peke yake, na safari hii sitagusa kitu kingine chochote.

#41 Mzee_Kilowati
Na friji irudishwe kwenye soketi gani?

#42 Pakiti_Iliyopotea
Mzee, friji nayo isiguswe mpaka Jumatatu.